Nani Yumo Ndani ya "Sisi"? Nafsi katika Matini za Jumuiya ya Afrika Mashariki Zikisomwa kutoka Soko la Vitunguu la Mang'ola

Sehemu hii inahakiki kipengele kimoja tu cha lugha ya mtangamano wa kikanda, nacho ni nafsi. Swali lake ni jepesi kuliuliza: matini zinazoiunda na kuitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaposema "sisi", au zinapokwepa kulisema neno hilo, zinamkusudia nani? Matini zilizoteuliwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2009 iliyotokana nao. Ya pili ni wimbo wa Jumuiya uliopitishwa mwaka 2010. Ya tatu ni amri ya serikali ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Mtahini anaweza kuhoji kwa haki kwamba hiyo ya tatu si matini ya Jumuiya. Imeingizwa kwa sababu ndiyo iliyolitoa swali la nafsi katika vitabu vya sarufi na kulipeleka shambani.

Shamba linalozungumziwa lipo Mang'ola, wilayani Karatu, katika bonde la Ziwa Eyasi. Maji ya chemchemi za Qangdend huongozwa kwa mifereji hadi kwenye majaruba ya vitunguu vyekundu, na jina la mahali hapo limekuwa jina la mbegu: mfanyabiashara anayetaja "Mang'ola" mbele ya gunia huwa anazungumzia aina ya kitunguu kabla ya kuzungumzia kata. Sehemu ya mavuno hubaki nchini, na sehemu kubwa hupanda kwenda Karatu, Makuyuni, Arusha na Namanga, kisha Nairobi. Mtafiti amesomeshwa kwa fedha za vitunguu hivyo na analitaja jambo hili mapema ili msomaji apime mwenyewe pale hukumu zinapoegemea upande wa mkulima. Katika nyumba aliyokulia, mama hakuwahi kutumia maneno "kuuza nje ya nchi". Vitunguu vilikwenda sokoni; soko moja lilikuwa Arusha na jingine Nairobi, na tofauti kati yake ilikuwa bei na nauli.

Tuanze na Mkataba. Matini hii ilitungwa kwa Kiingereza, na katika Ibara yake ya 137 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, huku Kiswahili kikipewa ahadi ya kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano mapana. Ahadi hiyo imezaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, na haipaswi kubezwa. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anakutana na Mkataba kupitia tafsiri na muhtasari, na anaikuta humo nafsi moja tu yenye kutenda: nchi. Nchi zinakubaliana, nchi zinajifunga, nchi zinaondoa ushuru. Watu hutajwa, tena kwa heshima. Ibara ya 7 inaweka miongoni mwa kanuni za Jumuiya kwamba ushirikiano umlenge mwananchi na uongozwe na soko. Lakini mwananchi huyo anasimama mahali pa shamirisho. Anafanyiwa, analengwa, ananufaishwa. Hapewi kitenzi.

Neno "mtangamano" lenyewe linastahili kusimamiwa kidogo. Kitenzi kutangamana kina kiambishi cha utendeano; hakikamiliki mpaka isemwe nani ametangamana na nani. Mtu haweezi kutangamana peke yake, wala hatangamani na kitu kisicho na jina. Kitenzi hicho kilipogeuzwa nomino ili kibebe dhana ya kisera, wale wawili walioshikana waliachwa nje, likabaki tendo lisilo na watendaji. Hali hiyo haitokani na kosa la watafsiri. Ni tabia ya lugha ya kiutawala popote ilipo, na wanaofuata mkabala wa Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, Norman Fairclough akiwa miongoni mwao, wameijadili kwa kina: tendo likigeuzwa nomino, mwenye dhamana hupotea. Upande wa Mang'ola unaongeza kwamba neno la jirani yake, "jumuiya", halikuwa tupu lilipofika. Wakatoliki wa huko walikuwa nalo tayari katika jumuiya ndogondogo zinazokutana nyumba kwa nyumba, ambako kila mtu anajulikana kwa sura, asipofika huulizwa, na mchango wake husomwa mbele ya wenzake. Msikilizaji aliyelizoea neno kwa maana hiyo analisikia la Arusha akiwa na matarajio ambayo matini za Arusha hazikukusudia kuyabeba.

Utangulizi wa Mkataba una mahali pamoja ambapo sauti inabadilika. Ni pale unapoeleza kwa nini Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Sababu zinatajwa waziwazi: utashi dhaifu wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, kuendelea kugawana manufaa bila uwiano, na kukosekana kwa sera za kutosha za kurekebisha hali hiyo. Ni nadra kwa hati ya kidiplomasia kuungama namna hii, na mtafiti anaihesabu kuwa aya bora kuliko zote katika Mkataba. Ila hata hapo anayeungama hajulikani. Utashi ulikuwa dhaifu, wa nani? Manufaa yaligawanywa bila uwiano, nani aligawa? Mwaka huohuo wa 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukafunguliwa tena mwaka 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yakasainiwa mwaka 1984 kwa upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht. Matukio hayo yote yana watendaji wanaojulikana, ila aya imeyatiririsha kama mvua isiyo na mwenyewe.

Nafsi ya kwanza wingi inapatikana kwingine, katika wimbo. Huu ndio utungo rasmi wa Jumuiya ambao hadhira yake huuimba kwa Kiswahili, na ndani yake Mkataba unapata kile ulichokikosa: watu wanaosema kwa kinywa chao. Kibwagizo kinawataka waimbaji wote kuilinda Jumuiya na kuwajibika kwayo. Beti zinataja uzalendo, mshikamano, mila, viwanda na mashamba. Mkulima yumo. Anaitwa kufanya kazi kwa bidii pamoja na wa kiwandani. Asiyekuwamo ni mnunuzi. Hakuna soko katika wimbo wa jumuiya ya kiuchumi, wala mpaka, wala barabara. Mazao yanalimwa kisha yanatoweka. Pengine ni matakwa ya utanzu. Nyimbo za taifa hazisifu biashara, nao wimbo huu umejifunza kuimba kutoka kwa nyimbo za taifa. Lakini ndipo ilipo kasoro yake kama utungo: umeazima "sisi" ya taifa na kuinyoosha ifunike mataifa manane, bila kuuliza ni nini kinachowashikanisha watu ambao si taifa moja.

Hapa sarufi ya Kiswahili inausaidia wimbo kuliko mtunzi alivyohitaji. Zipo lugha duniani zenye "sisi" mbili: moja inamjumuisha anayeambiwa, nyingine inamwacha nje. Kiswahili kina moja. Kiambishi tu- hakisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. Hilo huachiwa muktadha. Mwenyeji wa Mang'ola akisema "tumevuna" mbele ya mnunuzi, mnunuzi anajua kwamba hakuvuna. Akisema "tupakie", anajua kwamba yumo, na kwamba wapakiaji atawalipa yeye. Wimbo unaimbwa mahali ambapo muktadha wa kuamua haupo. Kila mwimbaji anaijaza "sisi" kwa watu aliokwisha kuwa nao kabla hajaanza kuimba.

Historia inaonyesha kwamba utata huo haukuanza na wimbo. Juni 1960, akiwa Addis Ababa, Julius Nyerere alieleza utayari wa Tanganyika kuchelewesha uhuru wake ili maeneo ya Afrika Mashariki yaingie katika uhuru yakiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963, yeye, Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho hilo kabla ya mwaka kuisha. Halikuundwa. Hoja ya Nyerere ilikuwa ya nchi ndogo: kwamba zikishaonja bendera, viti vya Umoja wa Mataifa na mabalozi, kuziunganisha kutakuwa kugumu kuliko kuziunganisha kabla. Alisema kweli kuhusu viongozi. Kuhusu watu wa kawaida, hoja hiyo haikuhitaji kusema lolote, kwa sababu wakati ule mkulima na mchuuzi walikuwa wakivuka bila kuulizwa uraia ambao hawakuwa nao bado.

Tutazame sasa amri ya Julai 2025. Katika orodha ya biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya nchini, pamoja na uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali na nyinginezo, umo ununuzi wa mazao shambani. Asiye raia anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kenya ililalamika, ikirejelea Itifaki ya Soko la Pamoja ambayo Ibara yake ya 13 inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama.

Kama matini, amri hii ina ubora ambao Mkataba hauna: inajua inamzungumzia nani. Mtendaji yupo, tendo lipo, mahali papo, adhabu ipo. Lakini namna inavyomtaja mtendaji huyo ndiyo kiini cha uhakiki huu. "Asiye raia" ni kishazi rejeshi cha kukanusha. Kinamwelezea mtu kwa kile ambacho si chake. Emile Benveniste alidai kwamba nafsi ya tatu kwa hakika si nafsi, ni nafasi ya yule aliye nje ya mazungumzo ya "mimi" na "wewe". Kishazi hiki kinaithibitisha hoja hiyo vizuri kupita mifano mingi ya vitabuni. Ndani yake mnunuzi kutoka Nairobi, ambaye kwa Itifaki ana haki mahususi, anakaa kiti kimoja na mfanyabiashara kutoka bara jingine asiye na mkataba wowote. Tangu mwaka 2010, Itifaki ilipoanza kutumika, Kiswahili cha sheria kilipaswa kuwa na neno la tatu kati ya raia na mgeni. Wasemaji hawajalipata. "Mwanajumuiya" huelekea zaidi kuchukuliwa kuwa muumini kuliko Mkenya aliyeko Ghorofani na lori lake.

Lugha ya kawaida, kwa upande wake, haimwachi mgeni kuwa kanusho. Methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mara nyingi hufafanuliwa kama karipio kwa anayekaa sana. Inaweza kusomwa vingine: jembe ni namna ya kumhesabu. Aliyepewa jembe ameingia katika hesabu ya kaya, anadaiwa na anadai. Mang'ola imejengwa na watu waliopewa jembe kwa maana hii. Wairaqw waliteremka kutoka nyanda za juu, wakaja Wanyiramba na Waisanzu, Wasukuma, Wachaga, Wameru, wakakodi majaruba, wakaoa, wakazikwa. Wataalamu wa isimu hulitaja eneo la Ziwa Eyasi kwa jambo la pekee: makundi ya lugha ambayo kwingine barani yametengana kwa maelfu ya kilomita yanakutana hapa katika mwendo wa siku moja kwa miguu, Kiiraqw cha Kikushi, Kidatoga cha Kinailoti, Kiisanzu na Kinyiramba za Kibantu, na Kihadza ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Watu hao hufanya biashara kwa Kiswahili.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mtafiti anaipinga amri kwa jina la undugu. Malalamiko yaliyoizaa ni ya kweli. Mnunuzi mwenye mtaji akiingia hadi jaruba la mwisho, anamkuta mkulima peke yake, na ada ya shule ikiwa imebakiza wiki. Vitunguu vimeng'olewa, vimekauka, ghala hakuna, mvua ikinyesha vitaoza. Bei inayotamkwa hapo si ya soko. Kisha inakuja lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, linaongezewa wavu juu na kushonwa mpaka linakuwa na kichwa, na mkulima analipwa gunia moja. Wakala wa Vipimo hulipiga vita jambo hili mara kwa mara, na sheria inalikataza. Anayeitetea amri anaweza kusema kwamba kumwondoa mnunuzi wa nje shambani kunamrudisha sokoni, palipo na mizani na macho ya watu.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba lumbesa haina uraia. Gunia lenye kichwa hushonwa na Mtanzania, hupakiwa na Mtanzania, na mara nyingi hununuliwa na dalali Mtanzania ambaye baadaye humkabidhi Mkenya kwa bei nyingine. Amri imeyaona mateso ya mkulima, ikayatafutia chanzo katika nafsi ya mnunuzi badala ya kukitafuta katika kipimo. Na kwa kuwa raia anayemsaidia asiye raia naye ni mkosaji, yule dalali ambaye zamani alikuwa mmoja kati ya njia mbili za kumfikia mnunuzi anabaki kuwa njia pekee, na hatari anayoibeba ataikata katika bei ya shambani. Hii ni hukumu ya mtafiti, na inatokana na mantiki ya soko lenyewe: wanunuzi wakipungua penye zao linaloharibika, anayeumia kwanza ni mwenye zao.

Inafaa kulinganisha, kwa ufupi, na muungano wa kikanda unaochukuliwa mara kwa mara kuwa kielelezo. Katika Umoja wa Ulaya, mikataba ina nguvu sawa katika lugha zote rasmi za wanachama, Kimalta kikiwamo, lugha ya kisiwa chenye watu wachache kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Faida yake si ya heshima tu. Mvuvi wa Malta anaweza kusoma haki yake kwa lugha yake na kuidai kwa maneno yaleyale. Kiswahili, ambacho Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika kikawa lugha yake ya kazi mwaka 2022, kimepewa heshima nyingi. Lakini mkulima wa Barazani anayetaka kujua Ibara ya 13 inamruhusu nini mnunuzi wake bado anahitaji mtu wa kumsomea. Kuna utaratibu mzuri wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Umekusudiwa kumrahisishia mfanyabiashara mdogo njia ya mpakani. Fuso lililojaa vitunguu mara nyingi huzidi kiwango hicho, na wenye mzigo huo, ambao ni wakulima watano au sita waliochanga, hawajioni kuwa wafanyabiashara wakubwa.

Limebaki jambo moja ambalo uhakiki huu hauwezi kulikwepa, kwa kuwa linaigeukia "sisi" yake wenyewe. Mtafiti ameandika juu ya Mang'ola kana kwamba ni mfano wa watu wadogo walioungana sokoni vizuri kuliko nchi zilivyoungana kwenye karatasi. Kwa Wahadzabe usomaji huo haukubaliki kirahisi. Wao walikuwapo kabla ya jaruba la kwanza. Idadi yao yote haizidi sana elfu moja, na ardhi ya chemchemi, waliyoitumia kuwinda, kuchimba mizizi na kuchuma matunda, imegeuka mifereji, mashamba na malisho. Hakuna aliyetia saini. Watu wengi waliungana juu ya ardhi ya wachache, na wachache hao wakabaki wakitazamwa kama wageni wa bonde lao, wakifuatwa na magari ya watalii. Ile sababu iliyotajwa katika utangulizi wa Mkataba, ya kugawana manufaa bila uwiano, inaweza kuandikwa hapa bila kubadilisha neno. Mkulima wa vitunguu anayedai nafasi yake katika "sisi" ya Arusha ameshaitumia "sisi" ya namna hiyohiyo huku nyumbani.

Lakini upo uhusiano mmoja Mang'ola usioingia katika mfumo wowote uliojadiliwa. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha vyuma chakavu na kufua vichwa vya mishale. Wahadzabe huvipata kwa kuleta asali na vitu vya porini. Mdatoga haingii katika maisha ya Mhadzabe, wala Mhadzabe hajifanyi Mdatoga, na kila mmoja ana lugha ambayo mwenzake wengi wao hawaisemi. Wanapokutana kwenye kiwanda cha mhunzi hawasemi "sisi". Wanasema kiasi gani cha asali kwa mishale mingapi, na asali hupimwa ikiwa mbele ya macho ya wote wawili.